Asilimia 108: kusaka kosa katika uigaji wa nuru kwenye mifuo ya shaba

Kompyuta ikikuambia kwamba shaba tambarare imeakisi asilimia 108 ya nuru nyekundu iliyoipiga, shukuru. Imekiri yenyewe kwamba kuna kosa. Ya kuogopa ni asilimia 71: namba ina heshima zake, mchoro wake umelainika, na mtu anaweza kuipachika kwenye tasnifu akasonga mbele, asijue kwamba programu ilikuwa ikipiga hesabu za metali isiyokuwepo duniani. Namba hizi mbili hazitokei kwa bahati. Kila moja ina kosa lake maalumu, na tutazifikia muda si mrefu.

Tuseme uko Koni nchini Kongo, kwenye mto Lufira, chini ya Mwadingusha, pale penye kituo cha umeme wa maji cha megawati 42 kilichoanza kazi mwaka 1950. Au uko Likasi mjini, ambako mitambo ya Shituru imekuwa ikisafisha shaba kwa njia ya umeme tangu enzi za Union Minière. Mezani una laptop, kichwani una swali: nikichonga mifuo myembamba iliyopangana sawasawa juu ya shaba, nuru itarudi kwa pembe zipi, na kwa kiasi gani kila pembe? Bamba la namna hiyo ndilo greti ya difraksheni, na kazi yake si ya darasani tu. Spektrometa za kupimia usafi wa shaba huchambua nuru kwa greti. Mistari ya shaba yenyewe katika nanomita 324.75 na 327.40 hutenganishwa na mifuo kama hiyo. Kuchonga ni ghali, kwa hiyo watu huiga kwanza kwenye kompyuta. Programu za bure zipo, na mbili zinazotumika sana ni Meep ya watu wa MIT na S4 ya Stanford. Zote mbili ni nzuri. Zote mbili zitakupa upuuzi ukiziuliza vibaya.

Ushauri wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa kuliko yote: futa mifuo. Weka kina chake kiwe sifuri, ubaki na shaba tambarare, nuru ianguke wima. Programu isiyojua shaba tambarare haina haki ya kukuambia lolote kuhusu shaba yenye mifuo. Na jibu la shaba tambarare unaweza kulipata kwa kalamu. Katika nanomita 633, fahirisi ya refraksheni ya shaba ni namba changamano: sehemu halisi karibu 0.25, sehemu ya kufikirika karibu 3.4. Vipimo vinavyotumiwa zaidi ni vya Johnson na Christy vya mwaka 1972. Kanuni ya Fresnel inasema: chukua n toa moja, kipeo cha pili, jumlisha k kipeo cha pili, gawanya kwa n jumlisha moja, kipeo cha pili, jumlisha k kipeo cha pili. Unapata 12.12 kugawanywa kwa 13.12, yaani asilimia 92. Hiyo ndiyo namba unayoitafuta kwenye skrini.

Ukiona 108 badala ya 92, tazama: 108 ni moja kugawanywa kwa 0.92. Kosa ni alama ya sehemu ya kufikirika. Vitabu vya fizikia huandika mtetemo wa wimbi kwa alama hasi mbele ya muda, na hapo shaba ni 0.25 jumlisha 3.4i, ilhali vitabu vingi vya uhandisi wa umeme huandika alama chanya, na shaba ile ile inakuwa 0.25 toa 3.4i. Ukichukua namba kutoka upande mmoja ukaipa programu ya upande mwingine, metali inageuka kuwa mashine ya kuzalisha nuru. Soma mwongozo wa programu ujue inafuata upande gani, kisha geuza alama.

Ukiona 141, umeipa programu pemitiviti mahali ilipoomba fahirisi. Pemitiviti ni kipeo cha pili cha fahirisi, na kwa shaba hii ni karibu hasi 11.5 jumlisha 1.7i. Kosa hilo hilo linaweza kujitokeza kama 71, pale programu inapojichagulia mzizi mwingine wa kipeo cha pili. Ndiyo ile asilimia 71 yenye sura ya kiungwana. Ukiona 24, umefanya kinyume: umetoa fahirisi mahali pa pemitiviti. Namba nne, magonjwa matatu, na hujagusa mfuo hata mmoja.

Kuna ujanja mmoja wa kuongeza hapo. Programu zingine, alama ikikosewa, bado zitatoa 92 kwa shaba nene, kwa kuwa ukubwa wa jibu haubadiliki, bali awamu yake tu. Kwa hiyo jaribu pia utando wa shaba wa nanomita 20 unaoelea hewani. Nuru iliyoakisiwa ukiijumlisha na iliyopenya, lazima ibaki chini ya asilimia 100, maana shaba hufyonza. Ikizidi, alama imegeuka. Jaribio hili halidanganyiki.

Kisha badilisha rangi. Katika nanomita 500 fahirisi ya shaba ni karibu 1.1 jumlisha 2.6i, na kuakisi kunashuka hadi asilimia 60 hivi. Huko kushuka ndiko kunakoifanya shaba iwe nyekundu machoni. Programu yako ikitoa asilimia 90 kwa rangi zote, imekutengenezea shaba yenye rangi ya fedha. Kwa kawaida chanzo ni modeli ya Drude, inayohesabu elektroni huru peke yake. Kwa shaba modeli hiyo inafaa kwenye infraredi, lakini kuanzia karibu nanomita 590 kushuka chini elektroni zilizofungwa nazo zinaanza kufyonza, na ni lazima uongeze vipengele vya Lorentz. Chora fahirisi ya modeli juu ya vipimo halisi kwenye mchoro mmoja, katika masafa yote utakayotumia, kabla ya kuendelea.

Sasa rudisha mifuo, lakini kalamu usiiweke chini. Nuru ikianguka wima, sini ya pembe ya kila daraja ni namba ya daraja mara urefu wa wimbi, kugawanywa kwa umbali kati ya mfuo na mfuo. Chukua CD ya muziki iliyochapwa kiwandani: njia zake zimeachana mikromita 1.6. Kwa leza nyekundu ya nanomita 650, daraja la kwanza linatoka kwa nyuzi 24, la pili kwa nyuzi 54, na la tatu halitoki, kwa kuwa sini yake ingekuwa 1.22. Jumla ni madaraja matano: sifuri, mawili kushoto, mawili kulia. Programu ikikuorodheshea saba hewani, umekosea urefu wa wimbi au umbali kati ya mfuo na mfuo. Kwa leza ya kuchezea na kipande cha ukuta unaweza kuziona pembe hizo kwa macho yako Likasi usiku, hata bila maabara.

Kosa linalofuata ni la kimya. Programu nyingi hukupa amplitudo ya kila daraja, na mtu huikuza kwa kipeo cha pili akaiita ufanisi. Haitoshi. Boriti inayotoka kwa pembe ya mshazari huwa na upana tofauti, kwa hiyo kipeo hicho lazima kizidishwe kwa kosini ya pembe ya kutoka na kugawanywa kwa kosini ya pembe ya kuingia. Kwa daraja la pili la CD yetu kosini ni 0.58. Ukiisahau, daraja hilo limevimba mara 1.7, na daraja la sifuri limebaki salama. Ndiyo maana kosa hili huonekana kama tabia ya kifizikia ya madaraja ya pembeni, na watu huandika aya nzima kulieleza.

Tufike penye shida yenyewe: polarizesheni. Uwanja wa umeme ukiwa sambamba na mifuo, metali ni rafiki. Karibu kila mbinu inakupa jibu haraka. Uwanja wa umeme ukiikata mifuo, na uwanja wa sumaku ndio ukawa sambamba nayo, mambo yanageuka. Uwanja unaruka ghafla ukutani mwa mfuo, chaji zinajikusanya kwenye pembe kali, na hesabu inasuasua. Hali ya kwanza huitwa TE na ya pili TM katika maandishi mengi ya greti, ila si yote, na herufi s na p nazo zinategemea unapima kutoka uso upi. Usiamini jina. Amini mchoro wa mshale: uliza programu uwanja wa umeme unaelekea wapi ukilinganisha na mfuo, uandike kwa maneno juu ya faili lako.

Mbinu ya Fourier, inayojulikana kwa herufi RCWA, ilienezwa na Moharam na Gaylord mwaka 1981. Kwa miaka 15 watu waliona kwamba kwa metali katika TM ilikuwa ikigoma kutulia hata ukiongeza vipengele vya Fourier bila huruma. Mwaka 1996 Lalanne na Morris, na Granet na Guizal, kila jozi kivyake, walionyesha njia ya kupanga upya hesabu hiyo ili itulie. Lifeng Li mwaka huo huo akaeleza kwa nini inafanya kazi: namna ya kuzidisha mifululizo miwili inayoruka mahali pamoja. Leo programu nzuri inafuata kanuni hizo, lakini misimbo ya zamani inayozungushwa kutoka mkono hadi mkono kwenye flashi haizifuati. Ukirithi msimbo, pima namna unavyotulia. Endesha kwa vipengele 11, kisha 21, 41, 81. TE ikitulia kwenye 21 na TM bado inacheza asilimia kadhaa kwenye 81, msimbo wako ni wa kabla ya 1996, haijalishi tarehe iliyoandikwa juu yake. Hapo usijaribu kushinda kwa nguvu: ukiongeza vipengele mara mbili, muda wa hesabu unaongezeka karibu mara nane.

Na hapa kuna mtego ninaouona kuwa hatari kuliko yote. Wengi hujipima kwa kujumlisha nishati: ikifika mia, wanasema hesabu imetulia. Kwa mbinu ya Fourier na mada isiyofyonza, jumla inafika mia hata ukitumia vipengele vitatu tu, na majibu yote ni ya uongo. Nishati imetunzwa, lakini imegawiwa vibaya kati ya madaraja. Kwa metali ni vibaya zaidi, kwa sababu wengi hupata ufyonzaji kwa kutoa: mia toa kilichoakisiwa. Hapo jumla haiwezi kukosa kuwa mia, maana umeilazimisha. Kokotoa ufyonzaji kwa njia yake, kwa kujumlisha upotevu ndani ya shaba yenyewe, halafu ulinganishe. Njia mbili zikiafikiana kwa sehemu moja ya elfu, una sababu ya kulala.

Mifuo ya duara au ya mawimbi ina tabu yake katika RCWA, kwani programu huikata iwe ngazi. Kila ngazi ina kona, na katika TM kila kona ya shaba inawasha doa kali la uwanja ambalo halipo kwenye bamba halisi. Kuongeza ngazi hakutibu kwa wepesi unaotarajiwa. Kwa umbo laini, mbinu ya Chandezon na wenzake ya mwaka 1980, inayopinda mhimili wa hesabu ufuate uso wa bamba, ni mwafaka zaidi. Na kama mfuo wako ni wa mraba, zungusha kona zake kwa nanomita chache. Hakuna kifaa kinachochonga kona kali kabisa.

Wanaotumia gridi ya muda, FDTD, wana orodha nyingine. Usiipe shaba pemitiviti hasi isiyobadilika ukatarajia amani: uwanja utalipuka na skrini itajaa NaN. Tumia modeli inayobadilika na masafa, ile uliyokwisha kuipima kwenye shaba tambarare. Halafu angalia ukubwa wa chumba cha gridi. Ndani ya shaba, katika nyekundu, uwanja unashuka hadi asilimia 37 kila nanomita 30. Gridi ya nanomita 20 inaona mteremko huo kwa chumba kimoja na nusu, yaani haiuoni. Anza na nanomita 2, kisha jaribu moja. Kwa bahati nzuri greti ya mifuo mirefu ni tatizo la vipimo viwili tu: mfuo mmoja wa nanomita 600 kwa urefu wa mikromita mbili, kwa chumba cha nanomita 2, ni vyumba laki tatu, na laptop ya kawaida inamudu.

Kwa pembe za mshazari kuna jambo linalowakamata hata wazoefu. Ukirusha pigo lenye rangi nyingi kwa mara moja, programu inashika kijenzi cha wimbi kilicho sambamba na uso, haishiki pembe. Umepanga nyuzi 30 kwa nanomita 633. Katika nanomita 500 nuru yako inaingia kwa nyuzi 23, na katika 800 kwa nyuzi 39. Mchoro utakaoupata si wa pembe moja. Ama endesha kila rangi kivyake, ama zungusha pembe nyingi kisha uzipange upya.

Si kila kitu cha ajabu ni kosa. Mwaka 1902 Robert Wood aliona kwenye greti ya metali nuru ikiongezeka na kupungua ghafla katika masafa membamba ambayo nadharia ya wakati wake haikuyatarajia. Lord Rayleigh mwaka 1907 alifafanua sehemu ya jambo: daraja linapozama usawa wa uso wa bamba na kutoweka, nishati yake hugawiwa mengine. Fano mwaka 1941 aliongeza sehemu ya pili, wimbi linalosafiri usoni mwa metali, ambalo leo tunaliita plazmoni. Kwa shaba yenye mifuo kila nanomita 600, nuru ikianguka wima, kona ya Rayleigh iko nanomita 600 kamili, nayo haitegemei metali. Shimo la plazmoni liko karibu na 630, kwa mifuo isiyo na kina kirefu, nalo linaonekana katika TM pekee. Ukiliona katika TE, ama umebadilisha majina, ama kuna kosa. Usipoliona katika TM, huenda unapima kila nanomita 20 na umeliruka. Karibu na kona ya Rayleigh pia ndipo kuta za kufyonza za FDTD zinaposhindwa, kwa sababu daraja linatambaa karibu sambamba nazo. Zinenepeshe, uone kama mchoro unabadilika.

Umeme ni suala la kila siku. Kuishi karibu na mitambo ya Lufira hakukukingi na delestaji, yaani mgao wa umeme, kwani umeme huo ulielekezwa kwenye viwanda tangu mwanzo. Hifadhi matokeo baada ya kila urefu wa wimbi, si mwisho wa mzunguko mzima, na andika pamoja nayo namba ya vipengele, ukubwa wa gridi na chanzo cha fahirisi. Faili linaloitwa "mwisho_kabisa_2" halitakusaidia wiki ijayo.

Kuna jaribio moja ambalo watu hulisahau ingawa ni rahisi: geuza njia. Ingiza nuru kutoka pembe ambayo daraja la kwanza hasi lilitokea, upime daraja hilo hilo likirudi pembe ya awali. Ufanisi lazima uwe ule ule, shaba ifyonze isifyonze. Namba hizo mbili zikitofautiana, tafuta kosini iliyosahaulika au mfuo uliopinda upande usiotakiwa.

Ukifaulu yote na vipimo vya mezani bado vinakataa, ndipo uitazame shaba yenyewe. Kama unalinganisha na CD, kumbuka leza inapita ndani ya polikaboneti yenye fahirisi karibu 1.58 kabla ya kufika kwenye alumini. Daraja la tatu, lisilotoka hewani, lipo ndani ya plastiki na linabeba nishati. Uigaji usio na tabaka hilo hauwezi kuafikiana na ukuta wako. Kama unatumia kipande cha shaba, kimekaa hewani na kina ganda la oksaidi. Ongeza kwenye uigaji tabaka la nanomita tano lenye fahirisi karibu 3, uone shimo la plazmoni linavyosogea upande wa nyekundu. Lakini unene wa ganda usiupachike mpaka michoro ifanane, ukadhani umemaliza. Osha kipande kwa siki, suuza kwa maji safi, kausha, upime ndani ya saa hiyo hiyo. Shimo likirudi nyuma kuelekea nanomita ulizozikokotoa kwa shaba tupu, kosa halikuwa kwenye msimbo.